Ukerewe na Ukara: waliowahi kwenda kutembea, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kirumba: Wakuu, mwangaluka. Jana nimesikia honi ya meli ya Nansio ikitoka gatini, kumbukumbu zote zikanirudia. Mwaka 2016 mimi na mke wangu tulikaa kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, siku tatu. Tulikodi baiskeli tukaenda Bukindo kuona jumba la ghorofa la Omukama, mtawala wa Wakerewe enzi hizo, kabla utemi haujafutwa mwaka 1963. Jioni ufukweni ni sisi, mchanga na ndege tu. Sijapata kupumzika namna ile tena. Waliofika huko, hasa kisiwa jirani cha Ukara, karibuni mtupe mlichokiona.

Mjukuu wa Mkerewe: Umenigusa mkuu. Bukindo ndiko alikozaliwa bibi yangu.

Mwalimu Nyegezi: Wasiotaka safari ndefu waende Kageye, upande wa Kayenze. Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alifika pale na msafara wake Februari 1875, na Barker, mwenzake aliyefariki mwaka uleule, alizikwa hapohapo. Niliwapeleka wanafunzi. Mmoja akaniuliza wale wapagazi waliokufa njiani walizikwa wapi, nikakosa la kumjibu. Swali hilo bado linaniuma.

Dada wa Mabatini: Mimi nina ya Ukara, na ni ndefu, mnivumilie.

Tulikuwa sita. Asubuhi tukavuka kutoka Bugolora, upande wa Ukerewe, kwa mtumbwi wa injini, ziwa limetulia kama maziwa kwenye bakuli. Tukashuka Bwisya, tukatembea kuelekea Jiwe Linalocheza. Njia zenyewe ni vijia vyembamba katikati ya mashamba, kila kipande kina mwenyewe, hakuna ardhi inayokaa bure. Wakara wanafuga ng'ombe kwenye mashimo ya ndani, wanawakatia majani, samadi inarudi shambani. Mama mmoja alituonyesha shimo lake, ndama yuko chini anatuangalia kwa macho makubwa.

Tukachelewa. Saa kumi nahodha akatazama mawingu upande wa magharibi, akasema, "Wageni, laleni." Sisi ndio tuliomlazimisha. Kesho yake Jumatatu, kila mtu na kazi yake. Hatukuwa tumeenda mbali upepo ukashuka. Wimbi la kwanza lilinilowesha hadi kifuani. La pili likaingia na maji yakakaa ndani. Nahodha akapiga kelele, "Kaeni chini! Asisimame mtu!" Tulikuwa na sufuria tuliyobebea wali, ndiyo tuliyochotea maji. Nilichota mpaka vidole vikafa ganzi. Injini ikazima. Kijana wake akang'oa mpira wa mafuta, akaunyonya kwa mdomo, akatema petroli, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Rafiki yangu ambaye kanisani haendi alikuwa anasema Salamu Maria, akifika katikati anasahau, anaanza upya.

Ilipowaka, nahodha hakujaribu kuvuka. Aligeuza, akaturudisha Ukara gizani. Familia ambayo hatuijui ikatupa khanga kavu na ugali wa muhogo kwa dagaa. Baba mwenye nyumba hakutuuliza chochote mpaka tulipomaliza kula.

Bodaboda Igoma: Nahodha wa hivyo anyang'anywe mtumbwi. Abiria hajui ziwa, yeye anajua. Angekataa tu.

Dada wa Mabatini: Baba, alikataa mara mbili. Lawama ni yetu. Naomba usimseme mtu aliyeniokoa.

Mvuvi Mstaafu: Bodaboda, wewe abiria akikuongezea elfu mbili unakataa kupakia mshikaki, abiria wawili kwa mpigo? Ila huyo nahodha nampa mkono. Ziwa letu likichafuka, anayegeuza mapema ndiye anayefika.

Bodaboda Igoma: Mshikaki na ziwa ni vitu viwili tofauti mzee wangu.

Mvuvi Mstaafu: Maiti ni ileile, mwanangu.

Msomaji wa Bugolora: Naombeni tupunguze maneno. Kaka yangu alikuwa kwenye kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio hapa kwetu. Kivuko kilipinduka karibu kabisa na gati ya Bwisya, walio nchi kavu wanaona. Walikufa zaidi ya watu 200. Alikuwa amenunua mfuko wa saruji na viatu vya shule vya mtoto. Wanaofika Ukara kutazama jiwe, piteni na pale makaburini. Ni hatua chache.

Mtoto wa Kirumba: Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikwenda kabla ya ajali. Nikirudi, nitapita.

Mama Wawili Pasiansi: Pole sana kaka. Nina swali, naenda na watoto Disemba. Waogelee au wasiogelee?

Mjukuu wa Mkerewe: Waogelee! Sisi tumekulia humo. Wakitoka tu wapanguse haraka kwa taulo.

Muuguzi Kanda ya Ziwa: Hapana mayu, taulo si kinga. Kichocho kinaingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, na konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, palepale watoto wanapopapenda. Kama wameshaingia, baada ya wiki sita hadi nane wapeleke wapimwe, dawa ipo. Nimehudumia mtoto wa miaka tisa anakojoa sawa, hana homa, ila choo kina damu na tumbo limeanza kujaa. Mama yake alidhani ni amiba.

Mvuvi Mstaafu: Na kwenye matete kuna mamba. Hilo halipimwi hospitali.

Mama Wawili Pasiansi: Basi wataogea ndoo. Na lile jiwe, kweli linacheza?

Mwalimu Nyegezi: Limekaa juu ya jingine kwa namna ya kushangaza, ndiyo maana linatikisika.

Mjukuu wa Mkerewe: Mwalimu, wazee wenye jiwe wakiliita kwa taratibu zao linacheza. Usiseme hivyo mbele yao.

Dada wa Mabatini: Mimi nililiona likienda na kurudi, nikanyamaza. Mama Wawili, ukifika Bwisya niambie. Nataka kuwatumia ile familia khanga zao, ninazo mpaka leo.