Acheni kuingiza watu mjini: RV na baiskeli hifadhini ukiwa peke yako si kama mnavyotangaza

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na mods (wasimamizi) wasiuhamishie jukwaa la utalii ukafie huko. Kila msimu wa joto ukikaribia Marekani ushauri ni ule ule: kodi RV (gari lenye kitanda, jiko na choo ndani), funga baiskeli nyuma, ingia hifadhini, umemaliza. Hakuna anayetaja tepu ya kupimia.

Kampuni inakukodishia gari la "futi 20". Futi 20 hizo ni gari tupu, bila raki ya baiskeli. Sasa nenda hifadhi ya Glacier kule Montana, barabara ya Going-to-the-Sun. Kati ya Avalanche na Rising Sun hairuhusiwi gari linalozidi futi 21 (mita 6.4) pamoja na bampa, wala upana unaozidi futi 8 pamoja na saitmira. Raki ikiwa na baiskeli hutokeza nyuma karibu mita moja. Futi 20 zako zimeshakuwa 23, na mkataba wa kukodi hautakusaidia ukiwa mbele ya askari wa hifadhi. Pima mwenyewe kabla hujaweka saini, raki ikiwa imefungwa na saitmira zimefunguliwa.

Halafu hiyo raki yenyewe. Mnajua kwa nini watengenezaji wengi wanaandika kwenye kijitabu kwamba isifungwe kwenye RV? Mkia wa RV uko mbali sana nyuma ya ekseli. Tairi la nyuma likiruka shimo kidogo tu, ncha ya mkia inarushwa kama mtu aliyekaa mwisho wa ubao wa bembea. Raki iliyopimwa kwa gari dogo inavumilia kilo 25 za baiskeli ya umeme barabarani pa lami laini, lakini kwenye matuta chuma kinachoka, boliti inalegea, na baiskeli inabaki barabarani wewe umeshafika mbali. Uko peke yako, nani atakuambia? Angalia pia ekzosi inapotokea. Tairi la baiskeli likikaa mbele ya moshi wa moto kwa saa mbili, mpira unaiva. Na kamera ya nyuma, taa na namba ya gari vyote vimefunikwa.

Umeme ndio uongo mkubwa kuliko wote. "Baiskeli ya umeme utachaji usiku ndani ya gari." Piga hesabu. Betri ya baiskeli ya wati-saa 500, gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 42. Ongeza kinachopotea kwenye inveta na chaja, umevuka 50. Betri ya risasi ya RV yenye ampea-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo chaji moja ya baiskeli imemaliza kila ulichokuwa nacho, na asubuhi pampu ya maji inalia kama paka na feni ya hita imegoma. Jenereta usiku? Kambini kuna saa za ukimya, na ukiwasha utafuatwa na jirani kabla ya askari. Chaji gari likiwa linatembea, au lipia nafasi yenye umeme. Kambi ya Watchman pale hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, kwa mfano, inazo.

Na hiyo Zion. Watu wanashauriwa "acha RV kambini, endesha baiskeli hadi upande wa mashariki." Kupitia wapi? Handaki la Zion–Mount Carmel, lililofunguliwa 1930, lina urefu wa maili 1.1 na baiskeli haziruhusiwi ndani yake, kwa hiyo lazima ipakiwe kwenye gari. RV yenyewe ikiwa na kimo cha futi 11 na inchi 4, au upana wa futi 7 na inchi 10, tayari inahesabiwa gari kubwa, na masharti ya magari hayo yamekuwa yakikazwa, kwa hiyo soma tangazo la hifadhi la wiki unayokwenda. Njia ya miguu inayoruhusu baiskeli ni moja tu, Pa'rus. Zingine zote, hata ukiikokota, usithubutu. Ila barabara ya bondeni ni tamu: msimu wa mabasi ya hifadhi, magari binafsi hayaingii, baiskeli zinaingia. Basi likikufikia kwa nyuma, toka pembeni, simama, lipite.

Glacier nako baiskeli ina saa zake. Kuanzia 15 Juni hadi Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, kati ya saa 5 asubuhi na saa 10 jioni huruhusiwi kupanda kutoka Logan Creek hadi Logan Pass. Kipande hicho kinachukua kama saa tatu, na kutoka kambi ya Sprague Creek hadi Logan Creek ni dakika 45 nyingine. Usipoondoka Sprague kabla ya saa 1 asubuhi umechelewa. Dawa ya kupulizia dubu ikae kiunoni, sio ndani ya begi, kwa sababu baiskeli haina kelele na kona zina dubu.

Palipo na nafuu kwa mtu mmoja ni Grand Canyon, barabara ya Hermit, maili 7, imefungwa kwa magari binafsi kuanzia 1 Machi hadi 30 Novemba. Nenda kwa baiskeli, ukichoka rudi na basi. Raki ya mbele ya basi inabeba mbili au tatu tu. Kundi la watu wanne litasubiri, wewe utapata nafasi. Faida pekee ya upweke, maana getini haikuwepo: hadi mwisho wa 2025 RV yenye mtu mmoja ilikuwa inalipa dola 35 sawa na yenye familia nzima, wakati anayeingia kwa baiskeli alikuwa analipa 20.

Mwisho, kurudi nyuma. Peke yako maana yake huna utingo. Ingia kwenye nafasi kwa upande wa dereva ili uone ubavu wa gari, weka tochi chini pale tairi la nyuma linapotakiwa kusimama, shuka uangalie matawi juu, panda, sogea, shuka tena. Mara tatu, hata wakikucheka. Ukikata kona wakati wa kutoka, mkia unatupwa upande wa pili, na nguzo za vituo vya mafuta zimekula raki nyingi kwa staili hiyo.

Nyongeza: mnaouliza raki isipowekwa nyuma iwekwe wapi. Usiiweke. Baiskeli ni moja, ilale ndani. Ya kukunja yenye tairi za inchi 20 inaingia bafuni. Ya kawaida toa tairi la mbele, laza usukani, funga kwa mikanda miwili kwenye mguu wa kitanda, na ufunike mnyororo kwa gunia au mashuka yote yatanuka grisi.