Ruzuku ya malisho: mfugaji naye apewe?

Mwanakiteto: Wakuu, tangu 2022 mkulima ananunua mbolea ya ruzuku. Mfugaji anayetaka kufunga sehemu ya malisho ipumzike msimu mzima na kung'oa magugu anajigharamia mwenyewe. Mvua ikigoma, ng'ombe wanakufa na nyasi hana. Kwa nini asipewe ruzuku ya kujaribu?

Mkulima Kibaigwa: Mtu ana ng'ombe mia tatu anaomba ruzuku? Auze kumi. Nyie mnapenda kuhesabu mifugo, kuuza hamtaki.

Olmurrani: Kaka, zizi hulijui. Kwenye hao mia tatu kuna wa mama, wa wadogo zangu, wa mjane wa jirani. Mwenye boma akiuza kumi bila kuuliza, jioni ana kesi ya wazee. Na kama hatuuzi, malori mnadani Pugu yanashusha nini?

Mkulima Kibaigwa: Nyama nainunua kwa jasho langu. Mwaka juzi mahindi yangu hekari mbili yaliliwa usiku mmoja mpaka mabua. Nani alinipa ruzuku?

Binti Maswa: Shinyanga tulishajaribu haya. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1988 kama sikosei, Norway ikaweka pesa, ngitili (malisho yanayofungwa yapumzike) zikarudi. Pesa inasaidia.

Ng'wana Kahama: 1986, dada. Na ngitili haikuletwa na pesa, ni ya babu zetu. Ilipotea watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. HASHI iliwaambia watu rudisheni mlichokuwa nacho, dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikapanga faini, mwenye kuingiza ng'ombe analipa. Mpaka mradi unaisha 2004 ngitili zilishapita hekta 300,000.

Olmurrani: Kibaigwa, hayo mahindi uliona ng'ombe wa nani? Au kila kwato ni ya Mmasai?

Mkulima Kibaigwa: Sijataja kabila. Usinilishe maneno.

Olmurrani: Umesema "nyie". Nyie nani?

Mwanakiteto: Jamani, turudi kwenye ruzuku. Kwetu alalili ya ndama, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili yao, iko nyuma ya boma. Asubuhi mama anaburuta tawi la mgunga, ndama wanaingia, nyasi zinawafika magotini huku nje ni vumbi. Ukaja mradi mmoja na mbegu za nyasi, zikamwagwa kabla ya mvua, kanga wakazimaliza, gari likaondoka. Pesa ile ingewalipa walinzi wa alalili ya kijiji. Apewe anayejua, kwa kazi anayoijua.

Kijana wa Longido: Hakuna pesa ya bure, kaka. Kaskazini mwa Kenya walianza na kaboni ya malisho, yaani kulipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa ardhini, na 2025 mahakama ikasema hifadhi mbili kule ziliundwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Anayekulipia nyasi kesho atakupangia uchunge wapi.

Binti Maswa: Kwa hiyo tukatae zote?

Kijana wa Longido: Hati kwanza. Ardhi ikiwa na hati ya wafugaji wenyewe, hata ruzuku ije.

Mwanakiteto: Inawezekana. OLENGAPA hapa Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho, yakapimwa.

Mkulima Kibaigwa: Na mkulima wa jirani aliulizwa mpaka upite wapi?

Olmurrani: Wewe ulipofyeka njia ya mifugo ulimuuliza nani?

Mkulima Kibaigwa: Njia ipi? Taja kijiji.