Ninunue laptopu ya chuo sasa hivi au nisubiri?

Mgeni_wa_Chuo:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana hili jambo linanizunguka kichwani wiki ya tatu sasa. Baada ya wiki kama saba hivi naanza chuo, uhandisi wa ujenzi, na hela ya laptopu ninayo, nimeidunduliza mwenyewe karibu mwaka mzima na mama akaniongezea mwishoni. Shida kila ninayemuuliza ana lake. Kaka yangu anasema subiri, prosesa mpya zinakuja na za sasa zitashuka bei. Binamu anasema nunua leo leo kabla hela haijapata kazi nyingine. Nyumbani kuna laptopu ya zamani, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha sita, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB, hard disk ile ya kuzunguka, Windows 10, inawaka ila ukifungua kivinjari na faili la Word kwa pamoja inaganda kabisa. Hii hela nikiikosea sina nyingine, ndo maana naogopa. Ninunue au nisubiri?

FundiBodi:
Karibu mkuu, na hongera kwa kudunduliza. Mimi kazi yangu ni kutengeneza hizi mashine kwa hiyo ngoja niseme ninachokiona mezani kwangu kila siku. Kaka yako hajakosea kabisa, miaka ya nyuma ilikuwa hivyo, unakaa miezi sita modeli mpya inatoka ya zamani inashuka unachukua. Ila sasa hivi hesabu imebadilika upande wa RAM na SSD, zile diski za kasi zisizozunguka. Kuanzia nusu ya pili ya 2025 bei ya chipu za RAM imepanda sana, sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazoa chipu nyingi na viwanda vinaona faida iko huko, mpaka Micron, watengenezaji wa hizo chipu, mwezi Desemba 2025 wakatangaza wanaachana na Crucial, ile chapa yao ya kuwauzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Chipu zikipanda laptopu nazo zinafuata, au bei inabaki ileile lakini ndani wanakuwekea RAM ndogo. Kwa hiyo kusubiri kwa matumaini kwamba bei itashuka yenyewe mimi sikushauri.

Hiyo ya nyumbani pia usiitegemee miaka minne. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel orodha yao inaanzia kizazi cha nane, tena wanataka na TPM 2.0, kipengele cha usalama ndani ya mashine. Ya sita haimo. Watu wanalazimisha na inakubali lakini mashine ya masomo ya kulazimishalazimisha siipendi.

Dada_Mchoraji:
Naomba nipingane na fundi kidogo kwa heshima. Bei sawa, lakini mdogo wangu tatizo lako la kwanza siyo bei, ni kwamba hujajua utaendesha programu gani. Mimi niko mwaka wa tatu kozi hiyohiyo unayoenda. Nilinunua MacBook Air kabla ya kufungua chuo, nzuri, nyepesi, betri inakaa siku nzima, naipenda mpaka leo na kuandika ripoti haina mfano. Mwaka wa pili tukaanza Revit, programu ya kuunda modeli za majengo, na Revit ni ya Windows tu. Civil 3D, ya kusanifu barabara na ardhi, Windows tu. ETABS na SAP2000, za kukokotoa uimara wa majengo, nazo Windows tu. AutoCAD, ile ya michoro, ya Mac ipo lakini haifanani kabisa na wanayofundishia, unaambiwa bonyeza hapa wewe hapo huna. Na hizi Mac za chipu za M huwezi kuweka Windows pembeni kama zile za Intel za zamani zilivyokuwa na Boot Camp, unabaki na kuendesha Windows ndani ya programu nyingine, na mambo mazito hayaendi vizuri humo. Matokeo yake projekti zangu nazifanya maabara ya chuo, nakaa mpaka usiku nikisubiri mtu anyanyuke nikae mimi, na wenzangu wako vyumbani kwao. Imeniuma jamani na bado inaniuma, maana hela ilikuwa ya mzee.

Kwa hiyo subiri, ila usisubiri modeli mpya, subiri orodha ya programu. Tafuta mtu wa mwaka wa tatu au wa nne wa chuo chako hichohicho umuulize anafungua nini kila wiki. Wiki mbili zinatosha.

FundiBodi:
Dada hapo umenishinda, nakubali. Mimi nilirukia vyuma kabla ya kuuliza kazi.

Baba_Salma:
Mimi mzazi tu, ila wa kwangu yuko mwaka wa pili sasa hivi. Sisi ile ya zamani tuliiwekea SSD na kuongeza RAM akaanza nayo, semista nzima ya kwanza ilimfikisha bila shida, hesabu na fizikia hazitaki mashine kubwa. Mwanangu usione aibu kuanza na ya zamani.

FundiBodi:
Mzee umesema kweli, nitaongeza kidogo tu. SSD weka, ile ya SATA ya inchi 2.5, inaingia palepale ilipokaa hard disk, na siku ukinunua mpya unaitoa unaitia kwenye kava la USB inakuwa diski yako ya kuhifadhia kazi, yaani hela haipotei. RAM ya hiyo ya zamani usinunue mpya kwa bei za sasa, labda upate ya mtu iliyokaa bure. Ukiweka Linux Mint, mfumo wa bure, badala ya Windows hapo itakuwa nyepesi zaidi na apdeti za usalama utapata, LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua faili za Word vizuri tu kwa asaimenti za mwanzo.

Mgeni_wa_Chuo:
Asanteni sana sana, nimesoma mara mbili mbili. Dada nimefanya ulivyosema, nimempata kaka mmoja wa mwaka wa nne anasema AutoCAD kuanzia semista ya pili, halafu Revit na ETABS mwaka wa pili na wa tatu. Kwa hiyo Mac nimeiondoa. Sasa swali, kwa hela yangu napata mpya yenye RAM 8GB ambayo imelehemiwa kwenye bodi, au mtumba wa zile za maofisini, ThinkPad ya Lenovo au Latitude ya Dell, prosesa kizazi cha kumi na moja, RAM 16GB. Mama anaogopa mtumba.

Dada_Mchoraji:
Chukua 16GB mdogo wangu. Revit yenye modeli ya ghorofa kadhaa kwenye 8GB utalia, na kama imelehemiwa huongezi kitu, ndo umefungwa hapo miaka yote minne.

FundiBodi:
Naungana naye. Mama mwambie woga wake una msingi, mtumba una mitego, lakini mingi inaonekana ukikagua. Kwanza zima, washa, ingia BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikiomba nywila ambayo muuzaji haijui rudisha palepale, usikubali maneno ya "utaitoa tu". Pili mwambie aifute na kuweka Windows upya mbele yako huku imeunganishwa na intaneti, maana nyingine zilikuwa za kampuni na bado zimesajiliwa huko, ukiwasha tu inakudai akaunti ya kazini. Hii imewaliza wengi, wanakuja kwangu na mimi sina la kuwasaidia. Tatu betri, fungua kile kidirisha cheusi cha amri andika powercfg /batteryreport, litatengenezwa faili, ndani linganisha uwezo betri iliyotengenezwa nao na uwezo inaojaza sasa. Ikiwa chini ya nusu, bei ya betri mpya iondoe kwenye bei ya mashine. Bawaba zifungue ufunge, matundu ya USB yote yachomeke kitu, na uliza kama kuna nafasi ya kuongeza RAM baadaye, ThinkPad nyembamba nyingine nazo zimelehemiwa usidhani zote ni sawa.

Baba_Salma:
Na waranti hata ya miezi mitatu iandikwe kwenye risiti, ya mdomo haihesabiki.

Mgeni_wa_Chuo:
Sawa. Nimeamua hivi, SSD naweka wiki hii kwenye ile ya zamani nianze nayo, na mtumba natafuta taratibu mpaka kabla ya semista ya pili AutoCAD haijaanza, sikimbizwi na mtu. Hela nimempa mama anitunzie ili nisiiguse. Fundi nikipata ya kukagua nitaiweka hapa ile ripoti ya betri kabla sijalipa, naomba unisaidie kuisoma.

FundiBodi:
Iweke tu mkuu, na picha ya ukurasa wa BIOS pia, ule unaoonyesha RAM na namba ya prosesa.