Tupeane uzoefu: mama zetu wa jembe na rozari, yale yasiyosomwa siku ya maziko

Mwanzisha mada (Bukavu, Ibanda)

Ndugu wa hapa Bukavu na ninyi mlioko mbali, karibuni.

Kwenye parokia zetu, kabla jeneza halijatoka kanisani, mtu husoma historia ya marehemu. Ya papa, yaani baba wa nyumba, hujaa: shule, kazi, vyeo, safari ya Kinshasa. Ya mama aliyelima Kabare au Walungu humalizika kabla msomaji hajameza mate. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alizaa watoto tisa, alikuwa mcha Mungu na mkarimu. Basi. Jembe halitajwi. Mimi naomba tuandike hapa yale ambayo karatasi ile huyaruka. Naanza na wangu.

Alilima upande wa Katana, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Kengele ya saa sita ikilia parokiani, wanawake wa mteremko mzima walisimama, jembe mkono wa kushoto, wakasali Malaika wa Bwana kwa sauti ya kawaida, kisha wakainama tena. Ilikuwa pia nafasi ya kunyoosha mgongo, na mama alilisema hilo bila aibu. Oktoba, mwezi wa Rozari, ndio mwezi wa kupalilia maharagi yaliyopandwa Septemba, kwa hiyo mafumbo mengi niliyasikia kutoka nyuma ya mgongo wake nikiwa nimebebwa, baadaye nikiwa nang'oa majani kando yake. Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza mafumbo ya mwanga mwaka 2002, mama aliuliza kama atatuongezea na mchana.

Mbegu zake za maharagi hazikuwa za aina moja, na hiyo ilikuwa akili, haikuwa uvivu wa kuchagua. Alichanganya za kupanda mtini na za chini, nyekundu, nyeupe, za madoadoa. Mvua ikizidi, zingine huoza mizizi na zingine husimama; jua likiwahi, zile za haraka zimekwisha kuiva. Akaja agronomu mmoja, akaeleza kwamba soko linapenda rangi moja. Mama alimpa kiti, akampa maji, akamsikiliza mpaka mwisho, akapanda mchanganyiko wake.

Leteni yenu.

Yaya wa Kadutu

Miye mama yangu hakujuaka kusoma. Alikuwaka anatoka Kabare usiku, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka soko ya Kadutu. Sombe, lengalenga, viazi. Wakati ule shule ilikuwa inadai prime ya mwalimu, ile pesa wazazi walikuwa wanamulipa, mbele ya hii masomo ya msingi ya bure iliyokuja 2019. Alikuwa anafunga franka kwenye ncha ya kitenge kwa mafundo: fundo moja ya chumvi na sabuni, ingine ya prime, ingine ya sadaka ya Siku ya Mungu. Ile ya sadaka hakufungua hata kama mtoto analia njaa. Nilimukasirikia juu ya hiyo fundo myaka mingi. Bado sijamaliza, msinihubirie.

Mzee wa Bagira

Hatukuhubirii, yaya.

Vijana hawajui kwamba mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya ubatizo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la mtakatifu alitishiwa gereza. Mama yangu kwenye karatasi zote alibaki na jina la Kishi, lugha yetu, peke yake. Lakini jioni, mlango ukishafungwa, papa alimwita jina lake la ubatizo, na sisi watoto tulizuiwa kulisema njiani. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa jina la mapenzi, si la kanisa. Nilidhani kila mume ana jina la siri la mke wake. Jumamosi mama alikwenda salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, kama wote, akapiga jembe la serikali kwenye barabara, akacheka na wengine. Hakuwa mtu wa kupigana na serikali. Alibatiza tu watoto wake wote, kila mmoja na mtakatifu wake, na madaftari ya ubatizo yapo.

Mtoto wa mjane, Walungu

Langu ni la shamba, na ni refu kidogo, mnivumilie.

Kwetu Bushi ardhi ya kudumu ni ya kalinzi: unatoa ng'ombe kwa mwenye ardhi, unapata haki ya kulima wewe na uzao wako. Asiye na ng'ombe analima kwa bwasa, yaani anakodi kwa msimu. Ng'ombe wa kalinzi yetu alitolewa na papa. Jembe lilikuwa la mama. Papa alipofariki, ndugu zake walikuja na hoja moja tu: mwanamke hana kalinzi.

Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema mashamba ya desturi yatawekewa utaratibu kwa agizo la rais, na agizo hilo halikutoka. Sheria ya Familia ya 1987 inawahesabu watoto wote warithi, wa kike na wa kiume sawa, lakini sheria hiyo hiyo ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo ya kisheria mpaka iliporekebishwa Julai 2016. Mama hakujua hata moja kati ya hayo. Alichojua ni kwamba jirani zake wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo, walimwona kwenye shamba lile kila msimu, na kwamba miti ya mpaka aliipanda yeye.

Akaenda kwenye sala ya shirika. Sala ilipokwisha, akasema: "Nani hapa aliniona nikilima?" Wakainua mikono. Akasema, "Basi kesho twende mkaseme hivyo hivyo kwa shefu." Wakaenda, wanaume kwa wanawake, wengine na rozari shingoni, na mimi nadhani zile rozari zilimtisha shefu kuliko hoja. Shamba likaandikwa kwa majina yetu watoto, na dada zangu wamo. Ndugu za papa hawakusema naye kwa muda mrefu. Kwenye matanga yake walikuja wakala vizuri sana.

Siku ya maziko ilisomwa "alikuwa mpole".

Kijana wa Nguba

Koko yangu, yaani bibi, alikuwa wa Mama Wakatoliki, kitenge cha sare na yote, na aliuza kasiksi, pombe ya ndizi. Watu wanadhani hivyo viwili havikai nyumba moja! Ndizi mbivu zinakamuliwa na majani, unaweka maji, unaacha ichachuke, kesho yake wateja wako mlangoni. Alikuwa na masharti mawili: hauzi wakati wa misa, na mume wa mtu akifika kipimo anarudishwa kwake, koko mwenyewe akimshika mkono. Wanawake wa mtaa walimpenda kwa hilo la pili.

Katekista mstaafu

Nimesoma, nimefurahi. Niongeze kitu. Sisi kwa kawaida tunamkimbilia Anuarite, na ni haki yetu, alitangazwa mwenye heri hapa nchini, Kinshasa, Agosti 15, 1985. Lakini yeye alikuwa mtawa. Mama mwenye watoto na kuni za kutafuta anajitazama wapi? Isidori, yule mkulima wa Hispania aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622, alikuwa na mke, Maria, naye pia mtu wa shamba, na Wahispania wanamheshimu. Na siku ile Isidore Bakanja wetu alipotangazwa mwenye heri, Aprili 24, 1994, walitangazwa naye mama wawili wa Italia, Gianna Beretta Molla na Elisabetta Canori Mora. Sisi tulipiga vigelegele vya Bakanja tu, hao wengine tukawapita.

Yaya wa Kadutu

Katekista, asante, lakini mama yangu akiwekwa kwenye sanamu ataomba ashuke, anasema hajamaliza kupalilia.

Mwana wa Nyawera

La kwangu ni fupi. Oktoba 29, 1996 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa hapa hapa Nyawera. Sisi tulikuwa tumekwisha kukimbia vita, tuko kwa mama mkubwa, kijijini. Mama alisikia habari akiwa shambani kwa dada yake, shamba lisilo lake, akaweka jembe chini akakaa. Sijamwona akikaa mchana kabla ya siku ile wala baada yake.

Binti wa Nyangezi

Mama yangu angali hai, Mungu asifiwe. Jana jioni nilimpigia simu nikamsomea maneno yenu yote, kuanzia maharagi mpaka watakatifu wa Italia. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama hao watu wote hawana kazi saa hizi. Akasema huyo wa shirika na shefu, mama yake alifanya vizuri, ampe salamu kaburini. Na huyo kijana wa kasiksi amesahau unga wa mtama wa kukaanga. Kama koko yake hakuutia, basi wateja wa Nguba walikuwa wanakunywa juisi.

Kijana wa Nguba

Aliutia! Mwambie mama aliutia, ni mimi niliyesahau kuandika!