Picha ya guka (babu) na mbuzi mwenye kadi ya FIRST, nisaidieni kujua ni mbegu gani na ni ya lini

wa_naromoru
Habari zenu wafugaji. Tulikuwa tunapanga vitu vya guka tukapata hii picha kwa bahasha moja na karatasi za shamba. Ni ya nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa vimeno vimeno, guka amevaa koti na kofia ameshika kamba ya mbuzi jike mkubwa sana kiwele kimejaa, na mbele yao kuna kadi imeandikwa FIRST. Nyuma kuna maneno mawili tu ya kalamu, Mitchell Park, hakuna mwaka hakuna jina. Hapa nyumbani kila mtu ana yake, mmoja anasema ni Saanen mwingine anaapa ni Alpine. Guka alifanya kazi kwa shamba la mzungu kabla ya uhuru halafu baadaye akafuga mbuzi wake mwenyewe, sasa hatujui huyu alikuwa wa nani. Nataka kujua mbegu, mwaka hata wa kukisia, na kama kuna mahali naweza pata rekodi ya hiyo shoo ya kilimo. Pia picha imeanza kupauka na sitaki ipotee.

mama_kiwele
Saanen hapana, Saanen ni mweupe mwili mzima na huyu mwili wake umekolea. Hebu vuta picha karibu uangalie uso, kuna mistari miwili myeupe inaanzia juu ya macho inashuka mpaka mdomoni, masikio yamesimama na kingo zake ni nyeupe, halafu miguu kuanzia goti kushuka chini ni myeupe. Huyo ni Toggenburg, mbegu ya Uswisi. Alpine wa kahawia ambaye watu wa Nyeri wanamjua, wale wa mradi wa Wajerumani, miguu yake ni myeusi na ana mstari mweusi mgongoni, kwa hivyo hata kwa picha isiyo na rangi huwezi wachanganya. Wengi wanadhani Toggenburg waliingia na shirika la FARM-Africa kule Meru miaka ya tisini kwa sababu ndio waliosambaa kwa wakulima wadogo, lakini masetla walikuwa na mbuzi wa maziwa mapema kuliko hapo.

Na jameni huyo mbuzi ni mzuri!! Mgongo umenyooka, kiwele kimeshikana na tumbo hakijalegea, chuchu zote mbili zinaangalia chini na zinalingana, miguu ya nyuma imeachana vizuri kupisha kiwele. Hayo ndiyo jaji anatafuta. Ila ukubwa wa kiwele usikufanye uhesabu lita, siku ya shoo mbuzi huchelewa kukamuliwa makusudi ndio aingie uwanjani amejaa, kwa hivyo kujaa peke yake si kitu, jaji anaangalia kimeshikiliwaje na kama kikishakamuliwa kinanywea kiwe laini au kinabaki kigumu kwa sababu ya nyama.

karatasi_za_kale
Hayo maneno mawili ya nyuma yanakusaidia kuliko unavyofikiri. Mitchell Park ndiyo Jamhuri Park ya leo, pale Ngong Road kunakofanyika shoo ya Nairobi. Jina lilitoka kwa Gavana Philip Mitchell aliyekaa hapa 1944 mpaka 1952, kwa hivyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, na haiwezi kupita sana 1963 tulipopata uhuru, ingawa watu huwa hawaachi jina la zamani siku moja. Hizo kingo za vimeno zilikuwa za kawaida sana miaka ya hamsini. Mimi ningesema hamsini na kitu.

Kuhusu rekodi, tafuta kwa jina la shamba usitafute kwa jina la guka. Katalogi za shoo zinaandika mwenye mnyama, aliyeshika kamba haandikwi hata kama ndiye alimkamua na kumlisha na kulala naye zizini usiku wa kuamkia shoo. Usipopata jina lake hapo isiwafanye muone kama familia ilitunga hadithi, hiyo picha ndiyo rekodi yake. Nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue uulize magazeti ya wiki za shoo, na usiishie kwa ya Kiingereza, kulikuwa na gazeti la Kiswahili lililoitwa Baraza tangu 1939.

kijana_wa_mgeta
Nawasalimu kutoka Morogoro wakuu. Mimi naomba kitu kimoja tu, usikubali mtu wa stesheneri akuambie uilaminishe! Ile plastiki ya moto haitoki tena na picha ndo basi. Iskani 600 dpi mbele na nyuma, iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na gundi, mbali na jua na unyevu, na ukitaka kuandika jina la guka nyuma tumia penseli laini, usikandamize. Huku kwetu mbuzi wa maziwa wa Norway waliingia miaka ya themanini na nyumbani hatuna hata picha moja ya wale wa kwanza, kwa hiyo itunze sana hiyo.

wa_naromoru
Asanteni sana, nimeishika hiyo ya kulaminisha mapema maana kuna mtu hapa alikuwa tayari. Shangazi anakumbuka jina la shamba, nitaenda nalo Archives. Mama_kiwele swali la mwisho, shangazi anasema huyo mbuzi alikuwa na vinyama viwili vinaning'inia shingoni, kwa picha kamba imevifunika. Hiyo ni alama ya Toggenburg?

mama_kiwele
Hapana, hivyo vinapatikana kwa mbegu nyingi na hata Toggenburg wenyewe wengine hawana. Amua kwa uso na miguu.