Tupeane uzoefu: picha uliyoinyoosha au kuikata ikawa nyingine kabisa

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, naanza mimi.

Nilimpiga bibi picha shambani Hombolo siku ya kuvuna zabibu. Amekaa na ndoo yake, nyuma yake nguzo za mizabibu. Nilipiga kwa haraka, nguzo zote zikalalia kushoto. Nyumbani nikaizungusha kama digrii 3, nguzo zikasimama vizuri. Kumbe picha ikizungushwa, pembe zote nne lazima zikatwe ili ibaki mstatili. Ncha ya kilemba cha bibi ikaondoka, na vidole vya miguu pia, kwa sababu nilikuwa nimembana tangu wakati wa kupiga. Siku hizi narudi nyuma hatua mbili kabla ya kubonyeza.

Nilipoipeleka kusafishwa ikakatwa tena! Simu yangu inapiga kwa uwiano wa upana na kimo wa 4 kwa 3, karatasi ya inchi 6 kwa 4 ni 3 kwa 2. Picha ya kulala inapoteza sehemu moja kati ya tisa ya kimo chake, na mashine haijui kilemba ni nini. Ikate mwenyewe kwa 3 kwa 2 kabla hujaipeleka, uamue wewe kinachotoka.

Nyie mmekutana na yapi?

Mdau wa Singida
Mkuu, mimi nilihangaika na picha za ziwa Singidani. Nilikuwa nanyoosha kwa kufuata ukingo wa ng'ambo, lakini ukingo ule unakwenda mshazari, kwa hiyo kwenye picha unaonekana kushuka hata kamera ikiwa sawa kabisa. Nikiulazimisha ulale, mawe yote yanainama. Sasa naangalia jiwe na taswira yake majini: sehemu ya juu na taswira yake zikae kwenye mstari mmoja wa wima. Hapo picha imenyooka, ukingo uache ulivyo.

Mdau wa Kondoa
Kwa michoro ya miambani ya Kolo mimi sinyooshi kabisa. Niliwahi kuzungusha picha moja ili watu waliochorwa wasimame wima, nikafurahi. Niliporudi pale nikaona nimeupotosha mwamba wenyewe. Aliyechora aliufuata mwamba, mimi ni nani nimrekebishe.

Mpiga picha wa harusi, Dodoma
Usikate mtu kwenye kiungo. Goti, kifundo cha mguu, kiwiko, kifundo cha mkono: ukikata hapo anaonekana kama amekatika. Shuka au panda kidogo, katikati ya paja ni salama.

La pili, hesabu ya pikseli, yaani vile vitone vinavyounda picha. Picha ya 4000 kwa 3000 ukibakiza nusu ya upana na nusu ya kimo, umebaki na milioni 3 kati ya 12. Kwa inchi 6 kwa 4 inatosha, maana inataka kama 1800 kwa 1200. Mteja akirudi anataka kubwa ya ukutani, itabidi umpe ile ya mwanzo.

Mdau mwingine
Na hiyo ya mwanzo msiifute jamani. Nilimkata jirani kwenye picha ya baba pale Nyerere Square, nikahifadhi juu ya ileile. Jirani alipofariki, watoto wake wakaniomba ile picha. Sikuwa nayo.

Mwanzisha mada
Pole sana, dada. Kweli inauma.

Mimi picha ya mwanzo iliniokoa kwenye muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo. Nilikata chini ili nyuso za kina mama zionekane kubwa, ngoma zikatoka, maana wanazibana kati ya mapaja. Wakabaki wanawake wameinama tu, huelewi wanafanya nini. Nikarudi kwenye picha kamili, nikakata juu, anga lilikuwa tupu. Mikono ikarudi kwenye ngozi ya ngoma.

Wa Mpwapwa na Manyoni mpo? Leteni zenu.