Afisa wa akiba asiye na kaburi hukumbukwa wapi?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba kufahamishwa. Afisa wa akiba wa jeshi la Uingereza aliyeitwa kazini mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, akauawa karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na mwili wake usipatikane, hukumbukwa wapi, na je, hutengwa na maafisa wa jeshi la kudumu?

Jibu la kwanza: Hatengwi. Tume ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, iliamua kwamba mawe yote ya makaburi yafanane bila kujali cheo wala dini. Kwa kuwa huyo hana kaburi linalojulikana, mtafute kwenye Lango la Menin, lango la kumbukumbu mjini Ypres lililozinduliwa mwaka 1927, ambako yamechongwa majina zaidi ya 54,000. Lakini ikiwa aliuawa baada ya tarehe 15 Agosti 1917, nenda Tyne Cot, makaburi ya vita karibu na Ypres yenye ukuta wake wa majina.

Jibu la pili: Naongezea kwamba ukutani majina hupangwa kwa kikosi, kisha kwa cheo, ndipo kwa alfabeti, hivyo ule usawa wa makaburini (ajabu kidogo, kwa maoni yangu) haukufika huko. Jua kikosi chake kwanza, la sivyo utazunguka kuta zote ukiwa umeinua shingo.

Muulizaji: Nashukuru sana, kikosi ninacho, cheo ndicho nitakachohakiki.